Umesingiziwa kazini: maswali ambayo wafanyakazi wa Mombasa huuliza kila mara

Mwaka 2016 nilituhumiwa kuiba kilo 18 za kamba wa baharini katika stoo ya hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Sikuziiba. Nilikaa nyumbani wiki saba kabla ya kurudishwa kazini, na baadaye wenzangu wakanichagua kuwa mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi, yule tunayemwita shopstiwadi. Tangu hapo sijapata mwezi wa kupita bila mtu kunipigia simu: karani wa ghala Shimanzi, fundi cherehani wa kiwandani, mhudumu wa vyumba Bamburi, dada anayefanya kazi za nyumbani Nyali. Maswali yao ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mimi si wakili, na kesi ikifika mahakamani utamhitaji wakili. Lakini kabla ya kufika huko kuna mengi ambayo mtu anaweza kujifanyia mwenyewe.

## Siku za kwanza

Sijaambiwa lolote rasmi, ila nasikia nimechongewa kwa meneja. Nifanye nini?

Anza kuandika leo. Chukua daftari la kawaida, weka tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo na nini kilisemwa. Andika pia ulikuwa wapi siku ile inayosemwa, ulifanya kazi na nani, ulitoka saa ngapi. Baada ya wiki mbili kumbukumbu huchanganyika, na anayekuhoji atakushika kwa kosa dogo la saa au siku.

Kisha endelea na kazi yako kama kawaida. Usizunguke idara kwa idara ukijitetea kwa mambo ambayo hujaulizwa, maana maneno yako yatafika kwa meneja yakiwa na chumvi. Mtafute shopstiwadi au mtu mmoja mzima unayemwamini, umweleze huyo tu.

Nimepewa barua inayonitaka nijieleze. Niijibu vipi?

Kwanza tazama tarehe ya mwisho ya kujibu. Ukipewa saa 24 na hazitoshi, andika barua fupi ya kuomba muda zaidi, na nakala yako igongwe muhuri au isainiwe kwamba imepokelewa. Usikae kimya. Wapo wanaodhani kunyamaza ni heshima. Kwenye faili kunasomeka kama huna jibu.

Pili, isome barua yenyewe ukitafuta mambo manne: kitu gani, lini, wapi, na nani anasema. Barua nyingi nilizoziona zimeandikwa kwa ujumla, mfano "umekuwa ukihusika na upotevu wa mali". Upotevu upi? Wa siku gani? Omba ufafanuzi kwa maandishi, na uombe kuonyeshwa nyaraka wanazozitegemea. Huwezi kujibu tuhuma isiyo na siku.

Ukijibu, jibu kila tuhuma peke yake, kwa ukweli na kwa ufupi. Usimtukane aliyekusingizia wala usiandike "Mungu anajua". Mungu anajua, ndiyo, lakini kamati ya nidhamu inataka kujua ulikabidhi ufunguo saa ngapi.

Nimechoka na aibu. Si bora nijiuzulu niondoke na heshima yangu?

Ndilo swali ninaloulizwa zaidi, mara nyingi usiku. Naelewa. Mimi niliandika barua ya kujiuzulu, nikaiweka chini ya godoro siku tatu. Mamangu ndiye aliyeniambia niichane.

Ukijiuzulu, watu watasema "lisemwalo lipo", na hilo ndilo dogo. Kubwa ni la kisheria: mwajiri akikuachisha, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha sababu yake. Ukiondoka mwenyewe, mzigo unakuangukia wewe kuthibitisha kwamba ulisukumwa. Mahakama za Kenya zinakubali kwamba mtu anaweza kulazimishwa kujiuzulu na ikahesabiwa kuwa amefukuzwa, lakini ni njia ngumu. Kama mambo yamekuzidi, omba likizo yako au nenda kwa daktari, uamue ukiwa umetulia.

Nimkabili aliyenisingizia?

Hapana. Ukimfuata kwenye kantini au nyumbani kwake, kesho utakuwa na tuhuma ya pili, ya kumtisha shahidi, na hiyo itakuwa ya kweli.

## Ushahidi

Ni neno langu dhidi ya neno lake. Nitajisafisha vipi?

Mara chache sana inakuwa ni neno tu. Kazi zetu hapa pwani zimejaa karatasi: kitabu cha getini, kadi ya stoo, hati ya kupokelea mzigo, ratiba ya zamu, risiti za mauzo, kitabu cha kukabidhiana funguo, nyaraka za lori linapoingia na kutoka getini. Kazi yako ni kukumbuka ipi iligusa siku ile.

Kwangu ilikuwa kitabu cha getini. Kadi ya stoo ilionyesha kamba wametolewa saa moja na nusu usiku, kwa sahihi iliyofanana na yangu. Niliomba kitabu cha getini kiletwe kwenye kikao. Ukurasa ulikuwa na duara la kikombe cha chai, na ndani ya duara hilo mlinzi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu jina langu na saa niliyotoka: saa kumi na dakika kumi jioni. Hakukuwa na mstari mwingine wa kuonyesha nimerudi. Mwenyekiti wa kikao aliusoma mara mbili, akauliza kama kuna geti jingine. Hakukuwa na geti jingine.

Watu hufariji kwa kusema njia ya mwongo ni fupi. Ni fupi ukiipima. Usipouliza kitabu, hakuna atakayekufunulia.

Mgeni anasema pesa zake zimepotea chumbani na mimi ndiye niliyesafisha. Kuna namna?

Kama milango inafunguliwa kwa kadi, kufuli nyingi za aina hiyo huweka kumbukumbu ya kadi iliyofungua na saa. Omba kwa maandishi kumbukumbu hiyo isomwe mara moja, kwa sababu nafasi yake ni ndogo na mafungulio mapya hufuta ya zamani. Kadi yako ikionekana imefungua mara moja asubuhi, na kadi nyingine mara mbili mchana, mazungumzo yanabadilika. Milango ikiwa ya ufunguo wa kawaida, tegemea kitabu cha funguo na karatasi yako ya zamu.

Naweza kudai picha za kamera za usalama?

Omba, na uombe siku ile ile. Mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Taja kamera ipi, tarehe, na kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha inayokuonyesha ni taarifa yako binafsi, na una haki ya kuomba kuiona. Ukinyimwa, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hata wakikataa, barua yako ya kuomba inabaki: kwenye kesi utauliza kwa nini picha ambazo zingemaliza ubishi hazikuhifadhiwa.

Nina jumbe za WhatsApp zinazoonyesha walipanga kunitia mchanga kitumbua changu. Zinafaa?

Zinafaa, lakini usitegemee picha ya skrini peke yake. Tunza simu yenyewe, usifute mazungumzo, usibadilishe laini. Mahakamani ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti kinachoeleza ulivyotolewa, wakili atakutengenezea. Usiingie kwenye simu au barua pepe ya mtu mwingine kutafuta ushahidi, hilo ni kosa jingine. Pia usibebe faili za kampuni nyumbani. Andika zilipo na uombe ziletwe.

## Kikao cha nidhamu

Kisheria nina haki gani kabla ya kufutwa?

Shika kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kabla ya kukuachisha kwa sababu ya utovu wa nidhamu, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua wewe. Kisha lazima akusikilize wewe na huyo uliyemleta. Hii inahusu hata kufukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa.

Neno "lugha unayoielewa" lina uzito. Nimewaona wazee wa bandarini wakisomewa mashtaka kwa Kiingereza cha mawakili na wakatikisa kichwa kwa adabu. Kutikisa huko kuliandikwa kuwa wamekubali. Ukiwa huelewi, sema huelewi, na uombe iandikwe kwamba umesema hivyo.

Chagua mwenzako anayejua kazi, si rafiki tu. Aandike kila kitu. Mwisho wa kikao, soma kumbukumbu kabla ya kusaini. Palipokosewa, andika marekebisho kwa mkono wako pembeni.

Nimesimamishwa kazi wakati wa uchunguzi. Mshahara unaendelea?

Tazama mkataba wako, kanuni za kampuni, au makubaliano ya chama na mwajiri. Mahali pengine unalipwa wote, pengine nusu. Kama barua ya kukusimamisha haitaji mshahara wala tarehe ya mwisho, iulizie yote mawili kwa maandishi. Muda huu tumia kukusanya ushahidi, na pokea simu ya kazini kila ikipigwa.

Wamenifungia ofisini nisaini karatasi ya kukiri. Sasa nimeshasaini, nifanye nini?

Ukitoka tu, siku hiyo hiyo, andika ulivyofanyiwa: nani walikuwepo, ulikaa muda gani, walikuambia nini. Ipeleke kwa mwajiri kwa barua au barua pepe, ueleze kwamba ulisaini kwa kushurutishwa na unaikana karatasi hiyo. Kama ulipigwa au ulizuiwa kutoka, nenda hospitali na uandikishe polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Kama bado hujasaini: hakuna anayeweza kukulazimisha. Barua yoyote unayopokea, andika "Nimepokea, sikubaliani na yaliyomo", tarehe, sahihi.

Bosi anasema nikubali kukatwa mshahara hadi hasara iishe, yaishe kimya kimya.

Ni mtego hata pale ambapo bosi ana nia njema. Kukubali kulipa kitu ambacho hukuiba kutasomwa baadaye kama kukiri. Kifungu cha 19 kinaruhusu makato katika hali fulani, kama upungufu wa pesa alizokabidhiwa mtu kwa mujibu wa mkataba wake, uliotokana na uzembe wake au kukosa uaminifu; na makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Hasara ambayo haijathibitishwa kuwa yako si deni lako. Jibu kwa maandishi kwamba unasubiri uchunguzi.

## Polisi wakiingia

Mwajiri ameniripoti polisi. Nitapoteza kazi?

Ukikamatwa, Katiba, ibara ya 49, inakupa haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Bondi ya polisi hailipiwi.

Kuna jambo ambalo watu hawaambiwi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinataja kama sababu ya kufukuzwa papo hapo mtu aliyekamatwa kwa kosa lenye adhabu ya kifungo na ambaye hakuachiliwa kwa bondi au dhamana ndani ya siku 14. Kwa hiyo familia isikae kujadiliana nani ana gari la kwenda kituoni. Dhamana itafutwe haraka, na mwajiri ajulishwe kwa maandishi kwamba uko nje na uko tayari kwa kazi.

Kesi imetupwa mahakamani. Lazima wanirudishe?

Si lazima, na inauma. Kesi ya jinai na mchakato wa nidhamu ni mambo mawili. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe pasipo shaka; mwajiri anatakiwa kuonyesha sababu ambazo aliziamini kwa dhati wakati ule. Ila hukumu ya kukuachilia ni karatasi nzito, na kama hukusikilizwa kazini, tazama swali la kwanza la sehemu ya kikao. Ukishtakiwa kwa chuki bila sababu ya msingi na kesi ikaisha kwa ushindi wako, unaweza pia kudai fidia, muulize wakili.

## Ukishapigwa kalamu

Niende wapi, na nina muda gani?

Kwa afisa wa leba, malalamiko yapelekwe ndani ya miezi 3 tangu ufutwe. Mahakamani, miaka 3. Miaka hiyo haisimami kwa sababu mnazungumza na mwajiri. Nimeona mtu akiahidiwa "wiki ijayo" mpaka mlango ukafungwa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapa Mombasa. Mwenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kufungua kesi mbele ya hakimu aliyeidhinishwa.

Kama huna pesa ya wakili, mashirika ya kutetea haki kama Kituo cha Sheria, MUHURI na FIDA yana ofisi Mombasa, na FIDA hushughulikia wanawake. Mwanachama wa chama aanze na chama chake: ada ulikatwa kila mwezi kwa ajili ya siku hii.

Nikishinda nitapata nini?

Mahakama inaweza kuamuru ulipwe notisi na fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12, au urudishwe kazini. Kumi na mbili ni kikomo, si kiwango cha kila mtu. Hakimu hutazama ulifanya kazi muda gani, ulichangia kiasi gani katika yaliyotokea, na kama unaweza kupata kazi nyingine. Kando na hayo, siku ulizofanya kazi na likizo uliyolimbikiza ni zako, hata kama ungekuwa na hatia.

Mameneja wa hoteli wanajuana wote. Nitapata wapi kazi tena?

Ni kweli, pwani yetu ni ndogo na simu hupigwa. Anza na cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinakupa haki nacho ukiwa umefanya kazi angalau wiki nne mfululizo, na ndani yake yanaingia majina, tarehe, aina ya kazi na mahali. Mwajiri halazimiki kukusifu, lakini kuandika uongo kwenye cheti hicho au kukataa kukitoa kwa makusudi ni kosa.

Kwenye mahojiano, usijifanye hukuwahi kufanya kazi pale. Sema kwa sentensi mbili: kulikuwa na tuhuma, nilizipinga, shauri liko hapa au liliisha hivi. Kisha rudi kwenye kazi unayoomba. Toa jina la msimamizi wa zamani aliyekwisha kuhama, ambaye anajua mikono yako.

## Hali zisizo za kawaida

Mimi ni kibarua, au nafanya kazi za nyumbani, na sina mkataba. Haya yananihusu?

Yanakuhusu. Mkataba wa mdomo ni mkataba, na kazi ya miezi 3 au zaidi ni jukumu la mwajiri kuiandikia. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi kwa jumla anahesabiwa kama wa mwezi. Tunza ujumbe wa M-Pesa wa malipo na meseji za kuitwa kazini.

Dada wa nyumbani anayeambiwa ameiba dhahabu ndiye ninayemwonea uchungu zaidi, kwa sababu anafukuzwa usiku na begi lake limepekuliwa uani mbele ya majirani. Dada yangu, kabla ya kuondoka omba begi lipekuliwe mbele ya mtu mzima asiye wa nyumba hiyo, na upige simu kwenu papo hapo ueleze kilichotokea.

Mwenye duka anasema sote tusomewe halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwizi. Nikikataa nitaonekana mwizi.

Masheikh wenyewe hawana kauli moja juu ya halbadiri, na imani ya mtu ni yake. Mimi nasema juu ya kazi tu: kukataa kisomo au kiapo si ushahidi wa wizi, na kisomo si kikao cha nidhamu. Wasio na hatia wanaoiogopa ni wengi. Jibu kwa adabu: "Mzee, niko tayari kuhojiwa na kupekuliwa kwa utaratibu, mbele ya shahidi."

Nimetuhumiwa unyanyasaji wa kimapenzi, na sikufanya. Kuna tofauti?

Utaratibu ni ule ule, ila uangalifu uwe mara mbili. Usimtafute mlalamishi, wala usimtume mke wako, rafiki au sheikh kumbembeleza. Usiseme ni mwongo. Sema wewe unakumbuka nini. Huenda kweli kuna jambo lililomuumiza ambalo wewe uliliona mzaha, au alifanyiwa na mtu mwingine. Malalamiko ya aina hii yalinyamazishwa kwa miaka mingi katika hoteli na viwanda vyetu, na siungi mkono utetezi wowote unaorudisha ukimya huo. Peleka ratiba, mashahidi na jumbe kamili, si vipande.

Naweza kumshtaki aliyenichafulia jina?

Unaweza, kwa kesi ya madai, ndani ya miezi 12. Jua hata hivyo kwamba mfanyakazi aliyepeleka taarifa kwa msimamizi kwa nia njema hulindwa, hata kama alikosea. Utahitaji kuonyesha chuki, au kwamba alisambaza kwa watu wasiohusika, tuseme kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Wengi niliowashauri waliamua nguvu zao ziende kwenye kesi ya kazi.

Nimeonekana sina hatia. Sasa niombe nini?

Omba barua. "Rudi kazini Jumatatu" kwa simu haitoshi. Barua itaje tuhuma kwa jina lake, iseme haikuthibitishwa, na barua za kukusimamisha ziondolewe au ziambatanishwe na hiyo mpya. Dai mshahara uliozuiliwa. Omba pia msimamizi aseme hivyo mbele ya idara, kwa sababu tuhuma ilisemwa mbele yao.

Barua yangu ina mistari mitano. Nakala moja iko kwenye faili la hoteli. Nyingine iko kwa mamangu Kisauni, ndani ya kabati la vyombo, chini ya sahani za sikukuu.